Fundi Anapochungulia Tumbo la Kamera

Jambo la kwanza analofanya fundi huyu akiletewa kamera ya mtumba ni kuinyamazia. Anaiweka juu ya kitambaa cheupe, anajifuta mikono, anavaa miwani, kisha anaitazama bila kuigusa. Mteja asiyemjua huanza kuhangaika, akidhani mzee kaduwaa au kamera imemshinda. Kumbe anasoma vichwa vya skurubu.

Kibaraza chake kipo Kariakoo, Dar es Salaam, na kazi yake ya asili ni saa za mkono. Kamera zilimfuata baadaye, kwa sababu ndani ya kamera ya zamani mna magurudumu yenye meno, springi na skurubu ndogo ambazo fundi redio hana bisibisi zake. Siku hizi vijana wamerudi kwenye filamu. Wananunua kamera mitandaoni, minadani na kwenye makabati ya wajomba zao, na wengi humletea mzigo wakiwa wameshalipa. Asubuhi hii aliyekuja ni binti aliyewazidi akili: kamwomba muuzaji aichukue kwa muda, kaacha kitambulisho chake, na ametakiwa kurudi kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeshatoa hela?"

"Bado."

"Basi kaa."

Kamera yenyewe ni Pentax K1000. Ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1976 na uzalishaji ukaendelea hadi 1997. Katika miaka yote hiyo kilichohama ni kiwanda, kutoka Japani kwenda Hong Kong na kisha China, lakini mashine yenyewe haikubadilika kwa jambo kubwa. Zilitoka zaidi ya milioni tatu. Betri yake moja ndogo huendesha mshale wa kupimia mwanga tu. Betri ikifa, shata inaendelea kufyatuka, kwa kuwa nguvu yake ni springi. Walimu wa upigaji picha waliipenda kwa sababu hiyo, na mafundi nao wanaipenda, maana karibu kila ugonjwa wake huonekana kwa macho au husikika kwa masikio. Haifichi kitu kwa mtu anayejua pa kutazama.

Turudi kwenye skurubu. Skurubu za kamera za Kijapani za enzi hizo zina msalaba wa kipimo chake, unaokaribiana na ule wa kawaida lakini haulingani nao. Ukiingiza bisibisi ya nyota ya dukani inashika nusu, na ukikaza mkono inaruka na kukila kichwa. Kwa hiyo skurubu zilizoliwa ni ushahidi: kuna mtu aliwahi kuingia humu na hakuwa na vifaa. Fundi anaigeuza kamera taratibu, anavaa kile kioo chake cha jichoni cha kutazamia saa, anapita skurubu moja baada ya nyingine. Bamba la chini lina skurubu moja yenye mkwaruzo mwembamba. Anaipitisha ukucha.

"Hii imeshafunguliwa," anasema. "Si kosa kufunguliwa. Swali ni nani alifungua." Aliyefungua hakuiumiza sana, kwa hiyo tunaendelea.

Kisha anaipeleka sikioni na kuilaza polepole upande huu, halafu upande ule. Anasikiliza kama kuna kitu kinatembea ndani. Skurubu iliyochomoka huwa na mlio wake mdogo wa chuma juu ya chuma, na skurubu hiyo ikiingia kati ya meno ya gurudumu siku unapovuta filamu, hapo ndipo kamera nzima hufa kwa kitu kisichofika uzito wa punje ya mchele. Hakuna mlio. Anatikisa kichwa kukubali, na bado hajafungua kitu.

Sasa anashika kirungu cha kurudishia filamu, kile cha juu upande wa kushoto, anakunjua mkono wake mdogo na kuuzungusha kufuata mshale, polepole sana. Kikizunguka bure, ndani hamna filamu. Kikigoma, mna filamu iliyosahauliwa, na kufungua mgongo wakati huo ni kuziunguza picha za watu. Hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani: kamera imekaa kabatini miaka kumi na tano ikiwa na nusu ya harusi ndani yake. Mimi naona adabu ya fundi ipo hapa kuliko mahali pengine popote, maana mgongo unafunguka kwa sekunde moja na hakuna anayekuzuia. Kirungu kinazunguka bure.

"Umeibofya leo?" anamuuliza binti.

"Sijaibofya, mzee. Muuzaji aliijaribu jana, basi."

"Vizuri sana."

Anageuza kirungu cha spidi mpaka kwenye 1, yaani sekunde nzima. Anachukua saa ya mkono ya kutia ufunguo kutoka kwenye droo, anaisikiliza kidogo, anaiweka karibu na sikio. Saa nyingi za zamani za namna hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa, ambayo ni mara tano kwa kila sekunde. Kwa hiyo shata ikifunguka kwa sekunde moja ya kweli, kati ya mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga lazima yapite mapigo matano. Fundi saa hahitaji kuhesabu kwa midomo. Mapigo matano kwake ni neno moja. Anavuta mkono wa filamu mpaka mwisho, anabofya.

Ndani ya kamera kinasikika kigurudumu kidogo kinachozunguka kwa mlio wa kusaga, zzzz, halafu kimya, halafu tap. Hilo ndilo gurudumu la kuchelewesha, linalolizuia pazia la pili lisifunge mapema. Mafuta yake yakiganda kwa uzee, mlio unakuwa mzito, unakwama katikati, au shata inabaki wazi mpaka uigonge. Na hapa ndipo penye ujanja wa wauzaji: kamera iliyolala ukiibofya mara thelathini asubuhi, mafuta yanalegea na inafanya kazi vizuri kutwa nzima, mpaka ulale uamke. Kwa sababu hiyo anathamini sana mbofyo wa kwanza wa siku. Wa leo umechelewa kidogo. Anasema mapigo matano na kitu. Anarudia mara tatu, na mara ya tatu yanakuwa matano kamili. Anaandika kwenye kipande cha boksi: "Sekunde 1, nzito asubuhi." Kisha anashuka nusu, robo, 1/8, 1/15, 1/30, akisikiliza mlio ukifupika, mpaka ule msago unapotea kabisa na kubaki mfyatuko mkavu.

Ndipo anafungua mgongo. Kwa K1000 unavuta kile kirungu cha kurudishia juu hadi mlango uachie wenyewe. Watu wengi huishika kamera uso chini na mgongo juu, kama wanavyofungua kitabu. Yeye anaigeuza mgongo uelekee mezani, ndipo anaachia mlango, ili chochote kitakachodondoka kiangukie kitambaani, kisije kikaingia kwenye mapazia ya shata. Na kweli kimedondoka: vipande vyeusi viwili, vidogo, vinavyong'aa.

"Sponji," anasema, na sauti yake haina mshangao wowote.

Kamera hizi huzibwa mwanga kwa vipande vya sponji nyeusi vilivyobandikwa kwenye mifereji miwili, wa juu na wa chini, ambamo kingo za mlango huingia, na kingine upande wa bawaba. Sponji hizo ni za polyurethane, na kitu hicho huoza kwa joto na unyevu hata kamera isipotumika. Katika hewa ya Dar es Salaam hakina pa kukimbilia. Fundi anachukua kijiti cha meno, anakigusa kwenye mfereji wa juu na kukiinua. Kinanata, sponji imekuwa ulimbo. Upande wa bawaba imekauka na kubaki vumbi. Anamwonyesha binti ile ncha ya kijiti, halafu anamwonyesha pale ambapo mlango sasa unakutana na chuma bila kitu katikati. Mwanga ukipita hapo, kwenye filamu ya rangi utaona michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu pembeni mwa picha, na mtu asiyejua atailaumu studio iliyosafisha filamu.

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na ndio wa bei ndogo kuliko yote. Matibabu yake ni spiriti kidogo, vijiti, pamba, na uvumilivu wa kukwangua mfereji mpaka chuma kionekane, kisha kubandika sponji mpya au uzi mweusi wa sufu. Kinachohitaji mkono ni kutoiacha spiriti itiririke. Tone moja likifika kwenye pazia la shata, umetoka kwenye kazi ya saa moja ukaingia kwenye kazi ya wiki. Fundi hatoi sponji leo. Leo anakagua tu, na anaheshimu sana mpaka huo.

Anawasha tochi ndogo na kuanza kutazama chumba cha filamu kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi filamu inavyosafiri. Anaanza na shimo la kasha la filamu, kisha reli mbili za ndani na mbili za nje, zile pau za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, zinazoshika filamu isiyumbe. Anapitisha ncha ya kidole juu yake akiwa amefumba macho. Kitone cha kutu hapo kitachora mstari ulionyooka kutoka picha ya kwanza mpaka ya 36. Kisha bamba la mgongoni linaloisukuma filamu ilale sawasawa: analibonyeza kila pembe, linarudi. Kwa K1000 umbali kutoka pale lenzi inapokaa mpaka pale filamu inapolala ni milimita 45.46, na desimali hizo mbili si mapambo. Filamu ikijikunja hata kidogo, lenzi nzuri itaonekana mbovu.

Kuna mazungumzo marefu kidogo juu ya gurudumu lenye meno linalovuta filamu. Binti anataka kujua kwa nini alitazame gurudumu wakati linazunguka. Fundi anafungua droo, anatoa filamu iliyoharibika, anaiweka ndani na kuacha mgongo wazi. Anaibana kwa kidole gumba isinyanyuke kwenye meno, anaweka nukta kwa kalamu pale ukingo wa dirisha la picha ulipo. Anavuta mkono, anabofya, anaweka nukta nyingine, anavuta tena, mpaka zinafika nukta sita. Anaitoa filamu, anailaza mezani na kuweka rula. Kila picha moja hupitisha matundu manane ya pembeni, na kila tundu na nafasi yake ni milimita 4.75, kwa hiyo nukta na nukta zitengane milimita 38. Picha yenyewe ni milimita 36. Mbili zinazobaki ndizo mstari mtupu kati ya picha na picha. Gurudumu likiteleza, mstari huo hupotea na bibi harusi anakuwa juu ya keki. Nafasi za leo zinakaa kwenye 38 zote tano. Anazipima mara mbili, na mara ya pili anaanza kutoka upande mwingine.

Kisha yanakuja mapazia.

Shata ya K1000 ni vitambaa viwili vyembamba vilivyopakwa mpira, vinavyokimbia kwa mlalo. Cha kwanza kinaondoka na kuruhusu mwanga, cha pili kinakifuata na kuuzima. Kwa spidi za haraka havisubiriani. Vinakimbia pamoja na kuacha mwanya mwembamba katikati, na mwanya huo ndio unaopaka picha kwenye filamu. Fundi anatoa lenzi, anaingia kwenye kona ya chumba yenye giza, anajifunika kitambaa cheusi yeye na kamera. Anakinyanyua kile kioo cha ndani kwa kijiti cha mbao, akikishika ukingoni, maana rangi ya fedha ya kioo hicho iko juu, haina kinga, na alama ya kidole hapo haitoki bila madhara. Anamulika pazia kwa tochi kutoka nyuma na kutazama kutoka mbele. Tundu la sindano litaonekana mara moja kama nyota. Hakuna. Kisha anavuta mkono wa filamu na kurudia upya, kwa sababu kabla ya kuvuta, linaloziba dirisha ni pazia la pili, na baada ya kuvuta ni la kwanza. Anayekagua mara moja amekagua nusu ya shata. Nimeshaona watu wenye majina makubwa kwenye picha wakisahau hilo.

Kwenye kamera zisizo na kioo ndani, kama Leica za zamani na ndugu zake wa Kirusi, kuna ajali nyingine: ukiziacha juani lenzi ikitazama juu, lenzi hukusanya jua na kulitoboa pazia kwa moto. K1000 inakingwa na kioo chake. Mapazia yake hufa kwa uzee, kwa kukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Haya ya leo yana mawimbi madogo upande mmoja, lakini kitambaa bado ni laini.

Spidi za haraka hazipimiki kwa sikio. Kwa hizo ana kifaa ambacho mtu akipita atadhani ni takataka: televisheni ya chogo. Matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, naye hakuifungia king'amuzi. Tangu hapo haijaonyesha taarifa ya habari wala mpira. Inaonyesha chenga, na kwa kazi yake chenga zinatosha. Katika mfumo wa PAL uliotumika kwetu, televisheni ya namna hiyo huchora mistari 15,625 kwa sekunde, mmoja chini ya mwingine. Ndiyo kusema katika sehemu moja ya elfu ya sekunde huchorwa mistari 15 au 16, haizidi. Kioo kizima kinaonekana kimewaka kwa sababu jicho letu ni zito.

Anaielekeza kamera kwenye kioo, bila lenzi, mgongo wazi, na kuchungulia kutoka nyuma. Anabofya kwa 1/125. Binti naye anachungulia. Kinachoonekana ni mkanda mpana wa mwanga ulioinama, kwa kuwa mwanya wa shata unakimbia ubavuni wakati mistari inashuka. Kwa 1/250 mkanda unapungua nusu. Kwa 1/500 unapungua tena, na bado kingo zake zinakwenda sambamba mwanzo hadi mwisho. Anaweka 1/1000. Anabofya. Anavuta, anabofya. Mara ya tatu anampisha binti.

"Unaona nini?"

"Unaanza mnene, unaishia mwembamba."

"Ndiyo. Pazia la kwanza linachoka njiani, la pili linalikaribia."

Maana yake ni kwamba picha ya 1/1000 itakuwa na mwanga wa kutosha upande mmoja na giza upande wa pili. Fundi anairudia spidi hiyo mara nyingi, ananyamaza katikati, anaiacha kamera ipumzike, anarudi. Anataka kujua kama kasoro ni ileile kila mara au inacheza. Ni ileile. Kasoro inayojirudia bila kubadilika inarekebishika kwa kukaza springi nusu mzunguko; inayocheza inataka mashine yote ishushwe. Anaandika kwenye boksi: "1000 imechoka, 500 nzima."

Mbele ya kamera anapita haraka zaidi. Sponji nyembamba ya juu, ambayo kioo hugonga kila unapobofya, nayo imeoza. Itanata kwenye kioo isipobadilishwa. Ndani ya kidirisha cha kuchungulia kuna vumbi na unywele mmoja. Wanunuzi huogopa sana vumbi hilo, na wauzaji hushusha bei kwa ajili yake, wakati halifiki kwenye picha hata kidogo, kwani wakati wa kupiga kioo kimeshapanda na njia ya kidirisha imezibwa. Fundi halipulizii hata pumzi. Mdomo una mate, na kile kibamba cha plastiki cha kulengea kina mifereji isiyoonekana kwa macho. Ukikifuta unakikwaruza milele. Ana kipulizio cha mpira, anakibana mara mbili, unywele haujatoka, anauacha.

Kifuniko cha betri kinafunguliwa kwa sarafu. Ndani kuna unga mweupe wenye ukijani, lakini ni kidogo, haujaila chuma. Siki kwenye pamba itauondoa. Anaweka betri ya LR44, anageuza kamera dirishani, na mshale unapanda. K1000 haina swichi ya kuzima kipimo chake; hulala lenzi ikifunikwa tu, na mtu asiyeweka kifuniko hununua betri kila mara akidhani kamera ina hitilafu. Analinganisha kipimo hicho na kamera nyingine anayoiamini, zote zikitazama ukuta uleule. Tofauti yao haifiki nusu hatua.

Mwisho ni lenzi, ya milimita 50, f/2. Anaifungua tundu lote, anaweka tochi nyuma yake na kuitazama kwa kuiinamisha, maana ukitazama moja kwa moja mwanga unaficha. Vumbi lipo, na halina neno. Mkwaruzo wa kioo cha mbele hauna neno sana. Wa kioo cha nyuma una neno. Anachotafuta ni fangasi, zile nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni. Hewa ikikaa na unyevu wa asilimia 70 kwenda juu, fangasi hupata makao, na pwani yetu inawapa makao hayo mwaka mzima. Wapiga picha wa huku walifanya kazi ndani ya hewa hii hii, tangu Capital Art Studio ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, hadi studio ya Parekh kule Mombasa. Fangasi wakikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo, na hapo hata ukiwafuta, alama yao inabaki. Mkoba wa ngozi ni rafiki yao mkubwa, kwa sababu hunywa unyevu na kuutunza.

Anaona uzi mmoja, mfupi, ukingoni. Anautazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote asubuhi hii, akiinamisha tochi huku na kule. Kisha anaiweka lenzi kwenye f/22, anasukuma kiwiko kidogo cha nyuma, anakiachia. Vibati vyembamba vya tundu vinafunga mara moja, pa! Vingekuwa na mafuta vingefunga kivivu, na kila picha ingeingia mwanga uliozidi. Ni vikavu. Anarudia kusudi, nadhani kwa raha tu ya kuvisikia.

Binti anauliza kama asifungue na bamba la chini, waone magurudumu.

"Si mali yako bado," anamjibu. "Mali ya mtu siitii bisibisi."

Anamsomea kile kipande cha boksi. Sponji zote zibadilishwe. Sekunde moja nzito asubuhi. 1/1000 asiitumie mpaka ikazwe. Lenzi isafishwe mapema, kabla uzi haujazaa. Filamu inakwenda vizuri, mapazia mazima, kipimo cha mwanga kinasema kweli. Binti anauliza swali ambalo wote huuliza: anunue? Mzee anamwambia kwamba yeye hajui bei ya muuzaji wala mfuko wa binti, anajua kamera. Ila kamera hii, akipewa yeye, angeipigia picha kesho. Ni saa tano na robo. Binti amekikunja kile kipande cha boksi na kukitia kwenye pochi, aende nacho kwa muuzaji.

Nawe unayetafuta yako, nenda mchana, beba tochi ndogo, kijiti cha meno na betri moja ya LR44. Zungusha kirungu cha kurudishia kabla hujafungua chochote. Mbofyo wa kwanza uwe wa sekunde moja, na uwe wako, si wa muuzaji. Na akikukatalia kufungua mgongo, mrudishie kamera yake.